Chupa ya Miezi Sita

"Chupa moja ya mafuta ya kukinga jua inawakalia muda gani, mama?" muuguzi aliniuliza.

Nilikuwa nikiisubiri nafasi ya kujisifu tangu tuteremke garini, nayo ikaja yenyewe. Tulikuwa Mikumi, kwenye ukumbi ambao kliniki ya ngozi huutumia inapokuja kuwahudumia watu wenye ualbino wa upande wetu. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikaa kando yangu na kofia yake ya pama magotini. Nyuma yetu kulikuwa na benchi refu la kina mama wengine na watoto wao, na nilitaka wote wasikie.

"Miezi sita," nikasema. "Ikibidi, hata saba."

Kina mama wa nyuma wakaguna, nami nikadhani wananionea wivu. Mmoja akasema ya kwake haimfikishi hata wiki tano. Nikamgeukia, nikamwambia, ndugu yangu, jifunze kubana. Ndivyo nilivyo. Nikipata watu wa kunisikiliza huwa sijui mahali pa kuishia.

Muuguzi hakucheka wala hakunisifu. Aliweka kalamu chini, akamshika binti yangu kidevu na kumgeuza uso taratibu kuelekea dirishani. Mbele ya sikio la kushoto, shavu linapoanzia, kulikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mtama, kina gamba juu. Nilikuwa nakijua. Nilikuwa nikikipaka mafuta ya mgando na kusema ni chunusi aliyoikwangua kwa kucha.

"Hiki kina muda gani?"

"Siku chache tu," nikasema.

"Tangu kabla ya mitihani ya katikati ya muhula," binti yangu akasema kwa adabu, bila kunitazama. "Miezi miwili na zaidi."

Muuguzi akachukua chupa mpya ya mafuta ya jua. Akaikamua juu ya kidole chake cha shahada, mstari mnene kutoka shina la kidole mpaka ncha, kisha mstari mwingine kwenye kidole cha kati. Akatuonyesha vile vidole viwili.

"Hiki ndicho kipimo cha uso na shingo," akasema. "Kila asubuhi, jua liwepo lisiwepo, na arudie akiwa nje mchana. Akipaka hivi, na mikono pia, chupa hii ni ya mwezi mmoja. Sasa niambie, mama yangu, hiyo miezi sita mnaipataje?"

Aliniuliza kwa upole kabisa. Nikajibu kwamba tunabana tu.

Sikuwa nimebana tu. Nilikuwa nimeongeza.

Mimi ni mama lishe. Nina banda langu Kilosa, hatua chache kutoka stendi, na mtu akiniuliza kazi yangu hasa ni nini, sitasema kupika. Kazi yangu ni kuongeza. Nikiweka mchuzi wa watu ishirini wakatokea thelathini, watakula wote, na wa thelathini atalamba vidole bila kujua kilichofanyika jikoni. Mafuta ya kupikia nayavusha siku, majani ya chai nayachemsha mara ya pili. Nimelelewa hivyo. Mama yangu alitulea Rudewa, mkonge ukiwa umeshakufa na vibarua wamebaki na jembe tu, na alikuwa na neno moja alilolitumia kuliko chumvi: akiba haiozi. Nilikula na neno hilo, nikalala nalo, na nilipoolewa nikahama nalo.

Binti yangu alipozaliwa na ualbino, watu walikuja kunipa pole na kuninong'oneza habari za watu wabaya. Niliwasikiliza. Mlango nilifunga kwa makomeo mawili. Lakini adui niliyemwogopa kuliko wote hakuwa anajificha. Alichomoza kila siku upande wa Kimamba, akapanda juu ya mabati yetu, akamtafuta mwanangu usoni. Nilikuwa nimewaona watu wazima wenye ualbino waliokaa juani shambani tangu utoto, na vidonda walivyokuwa navyo midomoni na masikioni. Nilijiapiza kwamba huyu wangu, la.

Ndiyo maana sikukosa kliniki hata mara moja, mpaka mwaka ule masika yalipokata barabara ya kwenda Mikumi. Magari yakasimama, kliniki ikaja na kuondoka bila sisi. Nyumbani kulikuwa na chupa moja tu, imebaki robo. Nikaitazama ile robo jinsi ninavyotazama sufuria linapoelekea kuisha na wateja bado wako benchi. Nikafanya ninachokijua. Niliyamimina yale mafuta ya jua kwenye bakuli, nikayaongezea mafuta ya nazi, nikakoroga kwa kijiko mpaka vikawa kitu kimoja, nikarudisha kwenye chupa. Chupa ikajaa. Nakumbuka nilifurahi sana.

Kibaya zaidi, yalipendeza. Mafuta ya kliniki ni mazito, hugoma kuingia, na huacha utando usoni. Haya ya kwangu yaliteleza, yakang'aa, na jirani akaniuliza mtoto nampaka nini siku hizi, mbona kawa laini hivi.

Barabara ilipofunguka nilipaswa kuacha. Kliniki ilitupa chupa za kutosha, lakini nilizitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nikaendelea na mchanganyiko wangu. Nilijiambia masika yatarudi, na kweli hurudi kila mwaka. Kila tulipopewa chupa, nilitoa moja ya kuongezea, nyingine zikaingia sandukuni. Siku tuliyokwenda kukaa mbele ya yule muuguzi, sandukuni kulikuwa na chupa saba. Nikizitazama, nilijiona mama wa maana.

Binti yangu hakujua lolote. Nilichanganya akiwa shule. Asubuhi alikuja na kiti kidogo, akakaa mbele yangu, akanipa uso na kufumba macho, jinsi alivyofanya tangu akiwa wa kubebwa. Nami nilimpaka kwa ncha ya kidole: paji, pua, midomo, masikio. Kidogo kidogo, yasiishe.

Haya yote yalinipita kichwani pale ukumbini wakati daktari akikiangalia kile kidonda kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema atakitoa siku ile ile na kukipeleka kupimwa.

"Kikiwa kimeishia juu, tumemaliza," akasema. "Kikiwa kimeshuka ndani, mtakwenda hospitali kubwa Dar, na huko mtakaa. Rudini baada ya wiki tatu."

Binti yangu akapigwa sindano ya ganzi. Nilimshika mkono, akanibana vidole, na sikusema lolote kuhusu mafuta ya nazi. Mdomo huu unaojulikana stendi nzima haukusema neno. Nilijitetea kwamba kusema hakutarudisha kitu.

Tulirudi jioni. Tulipopita Ulaya, kijiji cha njiani huku kwetu, si kule kwa wenye theluji, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni saratani?"

"Bado haijulikani."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Mimi napika wali, mwanangu. Sioni mambo ya ndani ya ngozi."

Alicheka kidogo, akashika plasta shavuni kwa sababu kicheko kilimuuma. Nikageukia dirisha ili asione uso wangu.

Zile wiki tatu sitaki kuzirudia. Asubuhi ya kwanza nilifungua chupa mpya tuliyopewa, nikakamua vidole viwili kama nilivyoonyeshwa, nikampaka kuizunguka plasta. Akafungua jicho moja.

"Leo mbona mazito hivi?"

"Ni mapya," nikasema.

Akafumba tena. Kila asubuhi nilisubiri aniulize yale ya zamani yalikuwaje, na hakuuliza. Bandani niliunguza maharage mara mbili. Mzee mmoja mteja wangu wa siku zote aliniambia chai yangu imekuwa nzuri ghafla, kumbe nilikuwa nikisahau kuongeza maji. Nilimfokea aliyeomba ndimu. Baba yake binti, ambaye huendesha lori la kwenda Tunduma, alipiga simu, nikamwambia ni kidonda tu, kimeshatolewa. Akasema alhamdulillahi. Nilikata simu nikiwa na hasira naye, na maskini ya Mungu hakuwa amekosa chochote.

Wiki ya pili, Jumamosi mchana, tulikuwa tumekaa uani kwenye kivuli tukichambua mchele wa kesho yake. Alikuwa ameinamia ungo muda mrefu bila kutoa hata jiwe moja.

"Mama, kile kidonda ni mimi niliyejiletea," akasema.

"Umejileteaje?"

"Kofia. Nikifika pale reli inapokatiza nilikuwa naivua. Naiweka kwenye begi mpaka jioni."

Akanieleza yote. Ile pama yake ilikuwa ya rangi ya vumbi, yenye ukingo mpana, na inafanana na zile za wageni wanaopita kwenda mbugani Mikumi. Wenzake wakamwita mtalii. Asubuhi wakimwona walimwambia, mtalii umepotea, tembo wako kule. Alivumilia muhula mmoja, wa pili akashindwa. Mstarini alisimama kichwa wazi, kipindi cha michezo kichwa wazi.

"Wewe ulikuwa unanipaka kila siku," akasema, na machozi yakaanza kudondoka kwenye mchele. "Hujakosa hata siku moja. Mimi ndiye niliyeharibu. Nikipelekwa Dar, baba asikulaumu wewe."

Ningeweza kumwambia pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na yeye ndiye aliyeufungua. Badala yake nilimgombeza.

Nilimwambia amenifanya mjinga. Nilimwambia nahangaika na barabara mbovu kumfuatia mafuta, kumbe yeye anaogopa vicheko vya watoto wasiojua hata kupiga pasi sare zao. Nikapandisha sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Na nitasema ukweli, kwa sababu bila huo sina haja ya kuandika: wakati namfokea nilijisikia nafuu. Mzigo niliokuwa nao kifuani siku zote zile ulikuwa umepata pa kukaa, na palikuwa ni juu yake. Aliupokea, akainama, akaendelea kuchambua mchele.

Usiku huo hakula. Asubuhi alipokuja na kiti chake, macho yalikuwa yamevimba, akaniambia, "Shikamoo mama. Nisamehe." Nikajibu marahaba. Nikampaka vidole viwili.

Ikabaki hivyo mpaka siku ya majibu.

Tulifika Mikumi mapema. Kwenye benchi tulikuwa watu wachache, wale tu waliopimwa. Malori yalikuwa yakipita barabara kuu, na kila lilipopita madirisha ya ukumbi yalitetemeka. Binti yangu alivaa kofia, mikono mirefu, na kanga yangu shingoni. Alikuwa amejifunika kupita kiasi, jinsi mtu aliyekosa anavyojitahidi. Alikuwa akitazama mlango wa daktari.

Nikawaza: ndani ya mlango ule kuna karatasi. Ikisema Dar, huyu mtoto atakwenda akijua amejiua mwenyewe, na mimi nitakaa pembeni ya kitanda chake nikipokea pole. Nimefanya mambo mengi katika kuhangaika kwangu, lakini hilo niliona siwezi.

"Nisikilize," nikamwambia. "Na usinikatishe, maana nikikatishwa sitaweza tena."

Nikamweleza. Robo chupa, masika, bakuli, kijiko, mafuta ya nazi. Sanduku la bati. Ile chupa aliyokuwa akiiona kila asubuhi na nembo yake ya kliniki, kilichokuwa ndani. Nikamwambia aliyempaka kila siku bila kukosa alikuwa anampaka mafuta ya kupendezea, na jua lilikuwa likipita. Nikamwambia kwamba Jumamosi ile uani nilikuwa najua haya yote wakati namfokea.

Alikuwa akizungusha ukingo wa kofia kwa vidole, polepole, duara zima.

"Muda gani?" akauliza.

"Mwaka mmoja na nusu. Karibu miwili."

"Na Jumamosi ulinigombeza."

"Ndiyo."

"Nikakuomba msamaha."

"Ndiyo, mwanangu. Ukaniomba."

Nilitamani anifokee, kwa kuwa makelele nayaweza. Hakunifokea. Alisogea kwenye benchi, si mbali, nafasi ya mtu mmoja tu, akakaa hapo. Ile nafasi ya mtu mmoja naikumbuka kuliko maneno yote ya siku ile.

Tukaitwa. Nilipoinuka nilijikwaa kwenye mguu wa benchi, na ni yeye aliyenishika kiwiko, akaniachia mara tu niliposimama sawa. Daktari alikuwa na karatasi mezani. Alitazama kovu kwanza, akalibonyeza pembeni, ndipo akasoma.

"Kilikuwa kinaanza kugeuka," akasema. "Kilikuwa bado juu. Kimetoka chote."

Nilishika meza. Daktari akaendelea, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha watu wafurahi kabla hajamaliza. Alisema jua lililokwisha kuingia kwenye uso huu halitoki, limo humo, na kwa hiyo kila miezi mitatu aje atazamwe, maisha yake yote. Akauliza kama kuna swali.

"Mafuta ya jua yakichanganywa na mafuta mengine, yanafanya kazi?" binti yangu akauliza.

Daktari akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Hapana," akasema. "Yanapungua nguvu. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu."

Hakunitaja. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au aliona aibu kuwa na mama wa namna hiyo. Tulipotoka, muuguzi yule wa siku ile alininyooshea chupa mpya. Binti yangu akaipokea yeye kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia kwenye begi lake.

Tulipofika nyumbani alilivuta lile sanduku kutoka uvunguni, akakaa sakafuni. Akatoa chupa moja moja, akageuza chini na kusoma mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika.

"Imepita," akasema, akaiweka kushoto. "Imepita. Hii bado. Imepita."

Kati ya saba, nne zilikuwa zimepita. Moja alipoifungua, mafuta yalikuwa yamejitenga, maji juu na uji chini, kwa joto la mle ndani. Akaniletea puani ninuse. Mama yangu amelala makaburini Rudewa, na sina wa kumwambia kwamba iko akiba inayooza.

Tangu siku hiyo alijipaka mwenyewe. Kiti kidogo alikihamishia chumbani kwake, mbele ya kioo. Kofia alivaa mpaka mstarini, na alipoitwa mtalii, nasikia alijibu kwamba kumtazama mtalii kuna kiingilio. Mimi nilibaki na asubuhi zangu. Nilikuwa nikipita mlangoni na kumwona kwa pembeni akikamua ile mistari miwili minene, na mkono wangu, mkono huu wa kuongeza, ulikuwa ukiniuma kwa kuona yanavyokwenda. Nausema hivyo ulivyokuwa. Mazoea ya miaka arobaini hayafi kwa sababu umelia siku moja.

Hakunikosea adabu hata mara moja. Alinisalimia, alinisaidia bandani Jumamosi, tulicheka yakichekesha. Lakini uso wake hakunipa. Miezi mitatu ikapita, tukaenda kutazamwa, akaonekana salama. Mitatu mingine ikafika.

Alfajiri ya safari ile ya pili nilikuwa jikoni nikifunga chapati za njiani. Alikuja na chupa mkononi, uso umepakwa nusu, akasimama.

"Hapa kwenye kovu sioni kama yameenea," akasema. "Na nyuma ya masikio sifiki vizuri."

Nikafuta unga mikononi haraka kwa kanga. Nikanyoosha mkono kuipokea chupa. Hakunipa. Alinishika kiganja, akakifungua, akaitenga shahada na kidole cha kati, akanikamulia mwenyewe, kutoka shina mpaka ncha, mstari mmoja, halafu mwingine.

"Yote," akasema. "Usibakize."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akafumba macho.